Tisa Huku, Tisa Kule

Baba yangu, Bachisio, alikuwa na jembe moja la viazi
na jingine, zito zaidi,
la mibaruti tu.
Kila Mei, kabla ua la zambarau halijafumbuka,
alishuka bondeni akang'oa mizizi mirefu kama mkono,
akarudi viganja vimechorwa damu,
na mama akamtoa miiba kwa sindano ya soksi,
akihesabu kwa sauti kama anayelipwa kwa idadi.

Mbaruti haukomi.
Ukiukata kichwa unakuachia mbegu,
ukiuchoma unakushukuru kwa majivu.

Leo ninauvalia koti jeupe.

Kiwanda ni kilekile, hapa kaskazini mwa Sardinia,
mabomba yaleyale yaliyomla mjomba Efisio mapafu
enzi za meli za mafuta ghafi.
Walikifunga mwaka niliomaliza shule.
Mji ukanyamaza
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kisha wakaja vijana wenye michoro, wakauliza:
kwenu huku kunaota nini pasipo maji?
Wachungaji wakacheka.
Wakaonyesha kwa kidevu.

Sasa Agosti malori yanashusha mbegu
za kijivu, zenye madoa, nono kama kupe.
Tunazikamua. Mafuta yana rangi ya chai ya mgonjwa.
Ndani ya mtambo ninayamiminia dawa ileile
ambayo Raimonda, saluni kwake,
huigeuzia nywele za wajane kuwa dhahabu;
na kaboni kumi na nane, zilizoshikana mikono kwa mstari,
zinaachana pale katikati penye kiungo dhaifu:
tisa huku,
tisa kule.

Tisa za huku zinakwenda kuwa plastiki,
mfuko utakaooza pamoja na maganda uliyoyabeba.
Tisa za kule
nilichelewa kumwambia baba.

Maana asidi ile, ukiizimua kwa maji ukanyunyiza,
jani linasinyaa kabla ya chakula cha jioni.
Ni dawa ya magugu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
sikujua kwamba hata gugu huvaa nguo.

Jumapili moja nilimpelekea dumu.
Akatafuta miwani, akasoma kibandiko chote,
hata anwani ya kiwanda, mara mbili.
"Yaani mbaruti unaua mbaruti?"
"Ndiyo."
"Na mimi miaka arobaini na jembe."

Hakucheka, wala hakukasirika.
Alilitia dumu nyuma ya mlango wa zizi
kuuzuia usipigwe na upepo,
na hapo ndipo lilipo hadi leo, halijafunguliwa.

Sisemi tumeokoka. Pampu ya tatu inavuja.
Mwaka jana mvua ilikosa, mkataba ukalipa nusu,
tukaagiza alizeti kutoka bara kujazia matangi,
na msimamizi akatuomba tusiwaambie wageni.
Baba amepanda hekta nne, kwa mistari,
kitu alichokilaani maisha yake yote,
na huenda jioni kukitazama
mikono nyuma, kama mtu aliyepangisha chumba
kwa aliyewahi kumwibia.

Lakini kaburini kwa mama huenda na lile jembe zito.
Nilimwambia: baba, mgongo wako, dumu lipo.
Akasema, pale ninang'oa mwenyewe.
Akang'oa. Nilishika ndoo.
Kisha tukakaa juu ya ukuta wa mawe,
akanipa kiganja bila kunitazama,
nami nikatoa ile sindano.

Nilihesabu kwa sauti.
Nilifika saba.
Wa nane ulikatikia ndani, na nilipokazana
akaurudisha mkono mfukoni:
"Uache. Utatoka wenyewe."